Wameongeza Tena

Wad Madani, Sudan
12 Novemba 1997

Wifi yangu Turkiya,

Salaam aleikum. Nakuandikia nimekalia sanduku la nguo, maana viti vya nyumba hii wamekalia jamaa zake Shihab, na wao wakishakaa hawanyanyuki mpaka magharibi. Tumefikia kwa ammi yake, yule aliyemlea walipokimbia Pemba. Nyumba ina vyumba vinne na watu kumi na saba. Mie ndiye wa kumi na nane.

Si unamjua mume wangu? Alinambia miezi mitatu. Kiwanda cha nguo kinafunguliwa, yeye ndiye mkuu wa mafundi, tunapewa nyumba ya kiwanda yenye bomba ndani, kisha narudi huko Oman, kwenu Ibra, kumchukua mwanangu Hiba. Hayo aliyasema tulipokuwa kwetu Sur, juu ya zulia letu, akinywa kahawa yangu. Haya, tumefika. Hatujamaliza hata kufungua mizigo, Amerika wakatoa amri. Rais wao katangaza hali ya dharura kwa taifa lake lote, kwa ajili ya Sudan, na hakuna kitu cha kwao kuuzwa huku. Si mashine, si spea, si msumari. Na mashine zote za kusokota uzi za kiwanda chetu ni za Amerika.

Shihab kanisomea gazetini. Eti serikali ya hapa ni hatari isiyo ya kawaida kwa usalama wa Amerika. Nikatazama uani: ammi kalala, mbuzi anakula kanzu ya mtu iliyoanikwa. Nikamwambia, hebu nionyeshe hiyo hatari iko wapi, nami niikimbie.

Dharura yenyewe ni ya mwaka mmoja, wasipoiongeza inakwisha yenyewe. Kwa hiyo, wifi, ile miezi mitatu imekuwa mwaka. Mwaka mmoja tu. Siwezi kumleta mwanangu wa miaka mitano hapa alale chini, na watoto wawili wa nyumba hii wana malaria. Nikae naye wapi, nimpe nini? Nakuomba unitunzie. Na mwambie kaka yangu Khelef, huko Firq anakouza spea za mashine, aone kama anaweza kutupatia beringi. Orodha nimeitia humu ndani.

Hiba analala vizuri? Anataja jina langu? Nambie kweli, usinifiche.

Wifi yako mchokozi,
Fawziya


Ibra
20 Disemba 1997

Wifi Fawziya,

Wa aleikum salaam. Jamani, barua yako nimeisoma nikicheka na kulia pamoja, mpaka Hiba akaniuliza naumwa wapi.

Khelef alirudi kutoka Firq Jumatano kama kawaida yake, nikampa ile orodha. Aliisoma mara tatu. Anasema dukani kwao kila spea ya Amerika ikitoka, lazima mtu asaini fomu kwamba haiendi Sudan wala nchi nyingine iliyofungiwa. Asaini jina lake, la babake na la kabila. Akanambia, "Turkiya, siwezi kusema uongo na jina la baba limo." Usimkasirikie. Siku ile hakula mchana, na samaki nilimpikia mwenyewe.

Hiba anakutaja, ndiyo. Asubuhi hasa. Jioni kidogo tu. Analala na mimi Khelef akiwa Firq. Kwa kweli nyumba hii ilikuwa kimya mpaka nasikia friji ikipumua. Miaka kumi na moja ya ndoa, Fawziya, sijawahi kugombana na mtu kwa ajili ya uji. Sasa nagombana kila asubuhi. Wallahi nafurahi, nisikufiche.

Usiharakishe. Tengeneza maisha yako kwanza.

Wako,
Turkiya


Wad Madani
25 Agosti 1998

Turkiya,

Sina muda, kuna mtu anasafiri leo kwenda Maskati, atakuletea kwa mkono. Mmesikia kwamba Amerika wamepiga kiwanda cha dawa Khartoum kwa makombora. Sisi tuko mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi, tu wazima. Lakini hapa kila mtu sasa anatazama juu. Shihab kachukua fimbo kaenda kulinda kiwanda chake. Fimbo, Turkiya! Nimemtukana mpaka sauti imenikauka, kisha nikampelekea chai.

Usimlete Hiba. Hata nikikuandikia barua ya kukuomba, usimlete. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi minne, na nikisikia mlango unapigwa moyo unanipaa.

Novemba haiko mbali. Wakiacha kuiongeza ile dharura tu, spea zitakuja, nyumba itakuja, nakuja kumchukua mwanangu kwa miguu yangu. Niombee.

Fawziya


Ibra
9 Novemba 1998

Wifi yangu,

Wameongeza. Bila shaka mmesikia kabla yetu. Khelef alisikia kwenye redio ya gari akiwa njiani kutoka Firq, akaingia ndani hata kandambili hakuvua. "Mwaka mwingine," akasema. Nilikuwa nakata vitunguu, nikaendelea kukata.

Pole sana. Najua ulikuwa unahesabu siku.

Hiba kaanza darasa la kwanza. Mwalimu wake, Bi Wadha, anasema mwanetu ana akili ya hesabu ya kutisha. Nimeandika mwanetu. Nisamehe wifi, mkono umekwenda wenyewe, na sitaki kufuta maana karatasi itachafuka.

Usije na mimba hiyo kwenye ndege. Jifungue salama kwanza. Sisi tupo, hatukimbii.

Turkiya


Wad Madani
20 Novemba 1999

Wifi Turkiya,

Wameongeza tena.

Sitaki kulieleza hilo zaidi. Badar ana miezi tisa, anatambaa, anakula mchanga. Kafanana na Khelef, hasa akikasirika. Mpeni mjomba wake habari hiyo ajivune.

Nimekuletea kitambaa umshonee Hiba gauni la Idi. Kakichukua mama mmoja wa Kisudani, mumewe mwalimu huko Jalan Bani Bu Hassan, atakufikishia. Wewe hodari wa cherehani. Ila nakuomba kitu kimoja: kitazame vizuri, pande zote nne, kabla hujatia mkasi. Umeolewa na watu wa Unguja miaka kumi na tatu sasa, unatujua. Sisi hatutazami maua peke yake. Tunasoma mpaka pindoni.

Ukishakitazama, niandikie. Nangoja barua yako kwa hamu, Turkiya. Nangoja kweli.

Fawziya


Ibra
15 Januari 2000

Wifi Fawziya,

Kitambaa kilifika siku nne kabla ya Idi. Kizuri sana, rangi yake ya chungwa imempendeza. Nilikikata siku ileile. Pindoni palikuwa pamechanika kidogo, nikapapunguza.

Hiba alivaa akaenda kusalimia nyumba nzima ya jirani zetu, akarudi na mfuko wa peremende. Anakusalimu.

Hakuna jipya huku.

Turkiya


Wad Madani
8 Novemba 2000

Wifi Turkiya,

Wameongeza tena. Mwaka mmoja. Basi nimekwambia.

Nimepata mtoto wa tatu, msichana, tumemwita Manar. Mzima. Picha yake hii hapa, usimwonyeshe Hiba kama unaona atasononeka. Wewe sasa unamjua kuliko mie.

Fawziya


Ibra
10 Oktoba 2001

Fawziya,

Leo sikuandiki kama wifi. Nimechana barua tatu tangu asubuhi. Hii, Inshallah, nitaitia posta kabla sijairudia kuisoma.

Juzi Bi Wadha aliniita shuleni. Walikuwa kwenye somo la ramani, akawauliza watoto wanajua nini juu ya Sudan. Hiba akasimama. Akasema Sudan ndiko aliko mama yake, na watoto hawaruhusiwi kuingia, Amerika wamekataza, na kila mwaka wanaongeza. Darasa likacheka. Hiba akamwambia mwalimu, "Muulize Mama Turkiya."

Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Alikuwa na miaka sita, alikuwa analia, anauliza kwa nini hasafiri. Nikamwambia kuna amri, watoto hawaingii. Nikaona amenyamaza. Mwaka uliofuata nikarudia. Na ule mwingine pia. Nikiwa naye kibarazani tunasikiliza redio, ikifika Novemba nakaa roho juu. Hofu yangu ilikuwa wasije wakaacha. Nilikuwa naomba waongeze, Fawziya. Ninyi mko kule mnakosa spea na sabuni na dawa, na mimi naswali, kisha naomba dharura iongezwe. Mungu anisamehe. Sijamwambia mtu yeyote neno hili, hata Khelef.

Na kitambaa kile, nilikitazama. Pande zote nne, kama ulivyoniambia. Pindoni palikuwa na muhuri wa kiwanda chenu, na mwaka chini yake, mwaka uleule. Nilielewa pale pale. Kiwanda kinafanya kazi, nyumba ipo, na unaniambia kwa adabu yenu: nirudishie mwanangu. Hakukuwa na mchaniko wowote. Nilichukua mkasi nikaukata muhuri, nikauchoma jikoni, kisha nikashona gauni.

Mimi nilizaliwa Tabora. Mama yangu alinipa kwa shangazi yake nikiwa na miaka minne, na hakuna aliyekuja kunidai. Nilidhani ndivyo watoto wanavyopewa. Lakini huo ni udhuru tu, nilijua nafanya nini.

Sasa fanya utakalo. Ukinitukana, nimestahiki. Ila naomba kitu, na naona haya kukiomba. Yuko darasa la nne, na tangu Septemba dunia imechafuka, kila mtu anaogopa ndege. Niachie amalize mwaka huu. Mwaka huu mmoja tu. Kisha namleta mwenyewe, naapa.

Turkiya


Wad Madani
28 Oktoba 2001

Turkiya,

Nilipoisoma barua yako niliitupa chini, nikaiokota, nikaitupa tena. Manar akadhani mchezo, akawa ananiletea.

Nimekutukana, ndiyo. Kwa sauti, jikoni, kwa Kiswahili chote ninachokijua. Ammi, aliyekuja kututembelea, akauliza nagombana na nani. Miaka miwili! Kiwanda kimepata mashine za Kihindi tangu mwaka tisini na tisa, moshi unatoka, bomba limo ndani, chumba cha Hiba nimekipaka rangi kwa mikono yangu, na mie nakaa naandika "wameongeza tena" kama mwendawazimu. Kitambaa kile kilikuwa cha roli ya kwanza. Shihab alitaka kukitundika ofisini, nikamnyang'anya. Nikasema huyu wifi yangu akiuona huo muhuri ataandika, "njoo." Neno moja tu. Nilikuwa nishakunja nguo za safari.

Ikaja barua yako: pindo limechanika. Nikakaa chini. Nilijua, Turkiya. Usidhani ulinidanganya hata siku moja. Nilijua umeuona.

Sasa utaniuliza kwa nini sikupanda ndege nikaja kumchukua, mama mzima na pasi yangu ya Oman mkononi. Niliona muhali. Haya, nimesema. Nilikuona umekaa kibarazani pako peke yako na friji lako, nikaona muhali kukutolea mtoto mikononi. Kwetu mtu hamwambii mwenziwe lete, anangoja aambiwe chukua. Nikangoja. Na kila ikifika Novemba nikapata la kuandika. Amerika waliniokoa na aibu, fikiria! Kiwanda hakiwahitaji tena, mie ndiye niliyekuwa nawahitaji.

Na kuja kumtazama nisingeweza. Nikimwona tu nisingemwacha, na nisingemwacha ningekuvunja. Badala yake nikamvunja yeye, na wala sikumwona akivunjika.

Hasira haijanitoka. Lakini umeomba, na umeomba kwa kuona haya, na mie hulka yangu hiyo hiyo haijabadilika. Haya, amalize darasa la nne. Mwaka mmoja. Khelef asimfokee, na wewe usilie mbele yake. Mwambie mama yake anamsalimu.

Fawziya


Ibra
21 Novemba 2001

Kwa Mama Fawziya,

Salaam aleikum, shikamoo. Mimi ni Hiba. Barua hii nimeandika mwenyewe. Kiswahili changu cha kuandika si zuri sana, sisi shuleni tunasoma kwa kiarabu, lakini Mjomba Khelef ananisahihisha mahali ambapo haisomeki. Mama Turkiya hajui. Yuko kwa jirani Bi Fakhriya anasaidia kupika futari.

Barua yako imefika Jumatano iliyopita. Mama Turkiya alisoma, halafu aliweka chini ya godoro, halafu mimi nilisoma. Samahani. Ilinichukua siku mbili kwa sababu maneno mengine sijui. "Muhali" nilimuuliza Mjomba. Alinieleza muda mrefu na bado sijafahamu.

Mama, mimi nilimwambia mwalimu kitu si kweli na watoto walicheka. Bi Wadha alisema hakuna amri kama hiyo. Mimi sikumuamini, nilimuamini Mama Turkiya. Nikasema nitangoja mpaka waongeze tena, nisikilize mimi mwenyewe. Walipoongeza mwezi huu nilikaa na redio ya Mjomba. Nilisikiliza yote mpaka mwisho, mpaka na bei ya mafuta. Walisema biashara, walisema mali, walisema serikali. Watoto hawakuwataja.

Nikamuuliza Mjomba, sasa huu mwaka mmoja ni wa nani? Alisema yeye mwaka ule wa kwanza alikataa kutia sahihi na aliona amefanya vizuri, akaacha mambo mengine yote kwa wanawake. Macho yake yalikuwa mekundu. Jumamosi hakwenda Firq. Alikwenda Maskati, alirudi na tiketi mbili.

Ni Alkhamisi tarehe 13 Disemba, kabla ya Idi. Tunakuja mimi na Mama Turkiya. Yeye atarudi, mimi sijui bado. Nataka kuona kwanza. Nataka kuona Badar na Manar, na chumba. Nyinyi wote mliandika juu yangu miaka minne, hakuna mtu aliniuliza. Nikifika nitasema mwenyewe.

Mjomba atamwambia Mama Turkiya kesho. Atalia, lakini atakuja, nguo zake nimezikunja tayari na zangu. Ukimuona usimkasirikie mbele za watu. Yeye hunisuka nywele kila Ijumaa na hanivuti.

Kitu kimoja tena, na usihuzunike. Hapa nyumbani kuna picha yako moja tu, ya harusi, na umefunikwa ushungi mpaka hapa. Sura yako siikumbuki. Nimejaribu sana. Kwa hiyo uwanja wa ndege mimi sitaweza kukutafuta, watakuwa wanawake wengi. Wewe simama mbele, uniite jina langu kwa nguvu. Mimi nitageuka.

Mwanao,
Hiba